Chesisi ya Mzee Tomaso

Pikapu nyeupe iliacha lami ya Katesh, ikafuata njia ya ng'ombe na kusimama mbele ya kibanda cha Renatus Sulle bila kupiga honi. Renatus alikuwa amechuchumaa kando ya bodaboda ya mtu, kipande cha waya amekibana kwa meno. Alichoona kwanza ni buti nzito zenye madoa ya grisi. Alipoinua macho akakuta aliyezivaa ni mwanamke.

"Fundi wa hapa kwa Tito ni wewe?"

"Ni mimi. Karibu, dada."

Hakulipenda hilo neno "kwa Tito", lakini angelikataaje? Kibanda kilikuwa kwenye kiwanja cha Tito, shemeji yake. Nyumba aliyolala ilikuwa ya mama yake Tito. Tangu tope la mlimani lizike banda lake pale Katesh, yeye na mkewe Kornelia walikuwa wakiishi hapa Endasak, ukweni, katika chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Kila alipopita kilabuni hakukosekana mtu wa kumuuliza kama aliyemwoa alitoa mahari ya kutosha.

"Naitwa Belinda, nina gereji Babati," mgeni alisema. "Nimeambiwa nyumba hii ina pikipiki ya zamani ya marehemu katekista. Naomba niione tu."

Pikipiki ilikuwa kwenye banda la kuku. Kornelia alikuja akifuta mikono, akamwondoa tetea aliyekuwa akitagia kwenye kiti, akafunua gunia. Hapakuwa na jina popote. Tangi lilikuwa limepakwa rangi ya bluu ya milango, injini imefunikwa na masizi na mafuta yaliyoganda. Belinda alipiga magoti bila kujali mavi ya kuku. Aliwasha tochi ya simu, akamulika shingo ya chesisi, akatema mate kidogo kwenye kidole gumba na kusugua kutu. Polepole zikatokea herufi: BSA.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Mnajua mnafugia kuku juu ya nini? Hii ni ya Uingereza. Hii ni ya tangu enzi za babu zetu."

Tito alikuwa ameshafika, njiti ya kiberiti ikicheza mdomoni. "Ni ya baba," alisema. "Mimi ndiye mtoto wa kiume. Maongezi yote ni kwangu."

Belinda alieleza kazi yake. Alikuwa akinunua pikipiki kuukuu, akizikata na kuziunda upya kwa sura ambayo mteja aliitaka, moja moja, zisifanane. Vyuma aliviweza. Nyaya zilimshinda, na vijana aliowahi kuwaajiri walifunga nyaya kama wanafunga kuni. Huku akisema, macho yake yalikuwa kwenye ile bodaboda ya kibandani, ambako Renatus alikuwa amepitisha nyaya chini ya kiti zikiwa zimelala sambamba, kila moja na rangi yake.

"Hii umefunga wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Basi sikiliza. Hii nifungie nyaya zote upya. Nataka iwake kabla sijaikata, kwa sababu mimi sikati mzoga. Alhamisi nitakuja kuichukua. Kama imewaka, nakuchukua na wewe. Kazi ipo Babati, na nyuma ya gereji kuna chumba, mtakaa na mke wako."

Kornelia alimkumbatia yule tetea kifuani kwa nguvu hadi kuku akalia.

Jioni ile waliposhika ugali, firigisi ya kuku ilikwenda kwa Tito kama kawaida, kwa kuwa ndiye mwanamume mwenye nyumba. Aliitafuna taratibu, akasema, "Shemeji, ukifika Babati utafute na sketi. Bibi harusi asiende kazini na suruali." Watoto wake wakacheka. Renatus naye akacheka. Usiku hakulala vizuri, akawa anahesabu nyaya kichwani, na kabla jua halijachomoza alikuwa bandani.

* * *

Nyaya za zamani zilitoka kama utumbo. Kulikuwa na waya wa redio, waya wa baiskeli, mahali pengine kamba ya katani iliyofungwa ili kushikilia tu. Kila fundi aliyewahi kuigusa pikipiki ile alikuwa ameongeza chake juu ya cha mwenzake. Renatus alizing'oa zote. Belinda alimtumia kwenye simu mchoro wa nyaya wa BSA, na Renatus akaukuza kwa vidole mpaka macho yakauma.

Mchoro ulisema jambo la ajabu. Upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chuma cha chesisi. Pikipiki zote alizozijua, za Kijapani, za Kihindi na za Kichina, zilifungwa hasi. Aliuliza, Belinda akajibu kwa ujumbe wa sauti kwamba Waingereza wa zamani ndivyo walivyofanya, afuate mchoro. Aliufuata. Alipounganisha betri, harufu ilimfikia kabla ya moshi. Rekitifaya, kile kifaa kidogo kinachogeuza umeme wa injini ili uingie kwenye betri, iliungua mkononi mwake kama karanga iliyosahauliwa kikaangoni.

"Shemeji!" Tito alipiga kelele kutoka uani. "Unapika nini humo?"

Renatus alichukua kisu na kitambaa cha mafuta ya taa, akaanza kukwangua ubavu wa injini, mahali ambapo tangu mwanzo hakupatazama. Alikuwa ameisoma shingo akadhani amemsoma mnyama mzima. Chini ya masizi likaonekana neno ambalo kila bodaboda wa Hanang analijua: Honda. Chesisi ilikuwa ya Mwingereza na injini ya Mjapani, na kati yao mtu alikuwa amechomelea vipande vya bati nene ili zishikane.

Akiwa bado anakodoa macho, mama mkwe wake aliingia. Mama Fransiska alikuwa Nangwa kwenye msiba tangu kabla mgeni hajaja. Alikuwa bado na mfuko begani.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Nani kafungua hii?"

Tito alimweleza, haraka, kama mtu anayepita kwenye daraja bovu. Mwanamke wa Babati, bei nzuri, kazi kwa shemeji, makubaliano yamekwisha. Mama Fransiska aliketi kwenye ndoo iliyoinamishwa.

"Umeuza ya Tomaso?"

"Tomaso gani? Ni ya baba."

"Injini ni ya baba yako. Ile ya kwanza ilipokufa, alitoa maksai wawili akapata hiyo. Lakini pikipiki yenyewe ni ya Tomaso, bwana mifugo, yule aliyestaafu akarudi kwao Tlawi. Aliinunua kwenye mnada wa serikali. Alipoondoka hapa, alimwachia baba yako iwe ya qasaro. Walikuwa wanacheka, lakini walipeana mikono mbele yangu na nikawapa pombe."

Tito hakuhitaji kufafanuliwa. Katika nyumba hizi za Wairaqw hakuna asiyemjua ng'ombe wa qasaro. Ni wa mwingine, wewe unamtunza. Unakunywa maziwa, samadi inaingia shambani mwako, lakini humchinji wala humuuzi, na siku ya kumtoa unampeleka kwanza kwa mwenyewe amwone kwa macho. Renatus alikuwa amekua kwa maziwa ya ng'ombe kama huyo.

"Mama, pikipiki siyo ng'ombe," Tito alisema mwishowe.

"Ndiyo maana sikumwambia mtu yeyote ainyweshe maji," alijibu mama yake. "Nenda Tlawi ukamwambie Tomaso."

"Mimi? Mimi nina palizi."

Wote wawili wakamtazama Renatus.

* * *

Mzee Tomaso alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, akichambua maharage kwa vidole. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Alizijua mbegu mbovu kwa kuzigusa, akazitupa nyuma ya bega bila kujali zinaangukia wapi. Moja ilimgonga Renatus alipokuwa akiinama kusalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Renatus Sulle. Mkwe wa marehemu katekista Yonas, wa Endasak. Nimekuja kwa habari ya pikipiki."

"Aa!" Mzee aligeuza shingo. "Miaka yote mnaikamua, leo ndiyo mnakumbuka ina mwenyewe?"

"Haikuwa na maziwa, mzee. Kuku ndio walikuwa wanaitagia."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza maswali, moja baada ya jingine, kama daktari wa mifugo: nani anainunua, ana mikono ya namna gani, analipa au anaahidi. Renatus alijibu yote. Alipofika kwenye kukatwa, mzee aliacha kuchambua maharage.

"Ataikata wapi?"

"Nyuma, mzee, chini ya kiti. Na pengine shingoni."

"Hm. Nilipita nayo kila boma la Hanang, na masanduku ya chanjo. Wabarabaig walikuwa wakiisikia wanaanza kukusanya ndama kabla sijafika. Gidahosh alikuwa na fahali aliyeichukia, alitukimbiza mpaka korongoni." Akachukua punje nyingine ya haragwe. "Iuzwe. Fungu la chesisi ni langu, la injini ni la mjane. Lakini kabla huyo mwanamke hajaigusa kwa msumeno, uilete hapa. Isije kwenye gari, imefungwa kamba kama mgonjwa. Ije yenyewe."

"Nitaileta, mzee."

"Usijibu haraka. Mlima wa Dareda unaujua?"

Renatus alitazama yale macho meupe. "Naujua. Nitaileta."

* * *

Rekitifaya nyingine ilitoka Babati, ikapotea kwenye basi, ikapatikana, ikafika Jumatano mchana. Siku zote hizo Renatus hakutulia. Alikaa, akasimama, akaenda barabarani, akarudi. Kornelia alikuwa ameshafunga vyombo ndani ya sufuria kubwa na kuizungushia kanga, na kila mara mke wa Tito alipotaka mwiko ilibidi aombe.

Safari hii Renatus alifuata injini. Alifunga hasi kwenye chesisi, akaweka taa za volti sita kama injini ilivyotaka, akapitisha nyaya chini ya tangi, mbali na joto, kila kiungo akakilehemu na kukivisha mpira. Jioni alikanyaga kiki. Hakuna kitu. Akakanyaga tena na tena, jasho likimwingia machoni, mpaka kitu kikapiga chafya ndani ya chuma, kikapiga tena, kikashika. Kuku walitawanyika. Taa ya mbele iliwaka, ya njano, dhaifu, ikitetemeka pamoja na injini. Mama Fransiska alitoka jikoni, akasimama mlangoni na pindo la kitenge mdomoni, akatazama njia ambayo mumewe alikuwa akirudia kutoka vigangoni.

Renatus alimpigia Belinda.

"Nimeisikia kwa simu mpaka huku!" Belinda alishangilia. "Kesho saa nne kamili nipo hapo. Mteja wangu anaondoka nchini Ijumaa. Anataka kuiona ikiwa nzima, mbele yake niikate, na anataka kumwona aliyeifunga nyaya. Jiandae, Renatus. Na mkeo ajiandae."

"Dada Belinda, naomba jambo moja. Tupitie Tlawi kwanza."

"Tlawi ya wapi?"

"Mbulu."

"Hiyo siyo kupitia, hiyo ni safari."

"Kuna mzee mwenye chesisi. Nilimwambia ataiona kabla haijakatwa."

"Mpigie video."

"Haoni vizuri."

"Basi aisikie kwenye simu kama nilivyoisikia mimi." Alishusha pumzi. "Ndugu yangu, sina ubaya na wewe. Lakini huyu mteja akiondoka, ameondoka. Kuna fundi wa Singida ananisumbua kila siku anataka hiyo nafasi. Nikifika saa nne nisikukute, nitampigia yeye. Pikipiki ninaweza kutuma gari kuichukua siku nyingine, nitampa mteja ile nyingine iliyopo gereji. Lakini nafasi haitasubiri."

Tito alikuwa amesikia yote. "Shemeji, mwambie mzee imeharibika njiani. Haoni. Nani atakwenda kupima?"

Hilo ndilo lililomtesa. Hakuna ambaye angekwenda kupima. Mzee asingekuja Endasak, asingepiga simu kwa mtu, angekaa tu kwenye kigoda chake akisikiliza barabara, siku baada ya siku, halafu angeacha kusikiliza.

Chumbani Kornelia alikuwa amekaa juu ya mzigo wake.

"Bora nisingesema," Renatus alisema.

"Lakini ulisema."

"Nilisema."

"Mimi ndiye ninayekata kuku humu ndani, Renatus. Kila nikiishika ile firigisi najua inakwenda wapi. Nataka kuondoka hapa kuliko wewe."

"Basi nikataze. Ukinikataza siendi."

Alimtazama kwa hasira, machozi yakimlenga. "Ndiyo, ili kesho iwe mimi ndiye niliyekukataza. Sikukatazi. Chukua koti, Dareda kuna baridi."

* * *

Aliondoka na ukungu. Pikipiki haikuwa na kibao cha namba, na kwenye lami aliomba Mungu askari wa usalama barabarani wawe bado wanakunywa chai. Mlimani aliipandisha kwa gia ya kwanza, akishuka kwenye kona kali na kuisukuma huku injini ikiunguruma kando yake. Malori yalimpita, matingo wakimzomea: "Babu, hiyo umeichimbua wapi?" Mara mbili ilizimika. Mara mbili aliingiza mkono chini ya tangi, akagusa kiungo kimoja kimoja, akakuta vyote viko salama, ni mafuta tu yenye uchafu. Akapuliza mrija, akaendelea.

Alipofika Dongobesh alisimama kununua petroli. Alipotoa simu akakuta ujumbe. Belinda aliandika kwamba amefika Endasak, amekuta vyombo vimefungwa na mke amekaa juu yake, na imemuuma. Fundi wa Singida atafika kesho. Gari litakuja kuchukua pikipiki Jumatatu. Asante kwa kazi nzuri.

Renatus aliusoma, akaurudia kana kwamba maneno yangebadilika. Mwenye petroli alimwuliza kama anajisikia vibaya. Alisema hapana. Pikipiki ilielekea Mbulu na angeweza kuigeuza, chumba cha stoo kilikuwa kinamngoja, na Tito, na palizi ya Tito. Alikanyaga kiki. Iliwaka kwa mara ya kwanza bila kubembelezwa, na hilo lilimtia uchungu zaidi.

Mzee Tomaso alikuwa amesimama. Alikuwa ameisikia kutoka mbali, majirani walisema baadaye, akamfukuza mjukuu aliyetaka kumshika mkono. Renatus aliingia uani, akaiacha ikiunguruma.

"Shikamoo, mzee. Nimeileta."

Mzee alisogea mpaka fimbo yake ikagusa chuma, akaiegemeza, akaanza kupapasa. Alipita usukani, akapita tangi, akashuka shingoni. Vidole vilisimama mahali palipovimba, kovu la kuchomelea lililofichwa na rangi.

"Gidahosh," alisema. "Fahali wake alitubwaga hapa. Nilimkuta fundi wa misheni, akaiunga kwa fito za shaba." Aliinamisha sikio. "Sauti siyo yake."

"Injini ni ya Yonas, mzee."

"Najua. Ya kwanza ilikuwa nzito. Hii inasema kama mwanamke sokoni." Akaendelea kusikiliza. Kisha akauliza, "Yule mwanamke anakusubiri huko chini?"

"Alinisubiri, mzee."

Mzee aligeuza uso wake kwake, yale macho meupe yakitafuta mahali pa kutua. Renatus alidhani ataulizwa zaidi, akajiandaa kusema hakuna shida. Hakuulizwa.

"Zima kwanza. Moshi unaniingilia ndani. Kula."

Alikula makande kwenye bakuli la bati, peke yake, mzee ameketi mbele yake. Alipomaliza akashukuru, akaiwasha tena, akaielekeza njiani. Mzee Tomaso alichukua fimbo, akaja nyuma, akapapasa mpaka akapata gurudumu la nyuma. Akalichapa mara moja, siyo kwa nguvu, kama achapwavyo ng'ombe aliyeuzwa anapotolewa bomani.

"Haya," alisema. "Nenda."